Dobi wa Milimani

Miaka ishirini na mitatu nilifua kola za watu
niliowajua kwa jasho kabla sijawajua kwa sura.
Walikuja na taarifa ya saa saba.
Sisi tuko uani Amalemba, ugali ungali moto,
redio inakohoa dirishani:
fulani ametolewa Garissa, ameletwa Kakamega,
kuanzia sasa hivi.
Nani huiuliza kamba
ni shati lipi litaanikwa juu yake?

Kesho yake lori lilishusha masanduku Milimani,
na jioni askari akaniletea kaki.
Kaki ile ilikuwa na adabu zake:
wanga mzito, pasi ya makaa isiyotema majivu,
mkunjo wa suruali uweze kukata kitunguu.
Kofia ngumu sikuiosha. Ilikaa juu ya kabati,
nyeupe kama yai viza.

Wa kwanza alinuka kiko.
Wa pili, mfukoni mwake nilikuta hati ya kondoo arobaini,
mwezi uleule machifu walipopita vijijini
wakikusanya "heshima ya mgeni."
Niliikausha, nikaikunja, nikairudisha.
Wa tatu hakuijua njia ya Shinyalu
mpaka siku aliyohamishwa.
Barazani Bukhungu mvua ya saa tisa ilitunyeshea sote
ila yeye, aliyeshikiwa mwavuli na chifu aliyelowa.
Nikapiga makofi, huku moyoni
nikiziwazia kaki tatu nilizoziacha kambani.

Halafu ikaja Machi ile ya masanduku sita.
Mtu aliyetaka kutushika akaja mwenyewe langoni,
viatu vimejaa tope jekundu.
Akaniuliza jina.
Lumbasi, nikamwambia.
Akalikosea.
Akalirudia tena, polepole,
kama mtoto anayesoma ubaoni.

Saa kumi alfajiri nilikuwa foleni,
nyuma ya Khayanga muuza omena,
blanketi lake bado linanuka ziwa.
Kifuniko cha sanduku la gavana kilikuwa buluu,
buluu ileile niitiayo maji ya mwisho
ili nguo nyeupe isifanye manjano.
Mikono yangu, iliyozoea kupokea mzigo bila kuuliza ni wa nani,
ilichelewa kuiachia karatasi.
Karani akasema, "Mzee, tumbukiza."
Nikatumbukiza.

Nimewahi kutoa damu, kutu, mchuzi wa harusi,
hata wino wa mihuri ya serikali.
Wino wa kidole changu sikuugusa.
Wiki nzima nilifulia mkono mmoja.

Sasa sikilizeni, sikuja kumsifu mtu.
Tuliyemchagua si malaika.
Ushuru wa meza sokoni umepanda,
mashimo ya Lurambi yana vyura wakazi,
na suti zake hufuliwa na mashine, huko Kisumu.
Khayanga alipokuja kuchukua shuka zake alinicheka:
"Umeona? Kaki au suti, Lumbasi, nguo ni nguo."
Nikamwambia: kaki ilikuja kwa redio, ikaondoka kwa redio,
hata ikiwa na doa la kondoo arobaini.
Hii, kila mwaka wa tano,
hurudi kwenye beseni langu.
"Na sabuni ikihongwa?"

Sikuwa na jibu.
Nilimkunjia shuka, nikamdai shilingi themanini,
akalipa sitini.

Usiku nikakisogeza kidole kwenye taa.
Ukucha umekua, wino umebaki pembeni,
uzi mwembamba wa zambarau.
Mkasi ulikuwa mezani.
Nikaukatia kifungo kilicholegea,
nikaurudisha mahali pake.